Afisa Mikopo Hatengenezwi kwa Semina

Viongozi wa taasisi ndogo za fedha hulalamika kwamba watu wenye ujuzi hawapatikani. Siyakubali malalamiko hayo. Ujuzi wa afisa mikopo hauuzwi sokoni ukiwa tayari. Unapatikana kazini, ndani ya taasisi hizohizo, na nyingi zimeamua kutougharamia.

Tazama kijana anavyoanza. Anapewa semina ya siku chache kuhusu aina za mikopo, fomu na programu ya kwenye simu. Mara tu baada ya hapo anakabidhiwa wateja wa mtu aliyeacha kazi, pamoja na lengo la mwezi. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kukaa na mfanyabiashara asiyeweka hesabu kwenye daftari na kujua biashara yake inaingiza kiasi gani.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Unauliza bei ya kununulia na ya kuuzia, unauliza mzigo unaisha kwa siku ngapi, kisha unapiga hesabu mwenyewe uone kama majibu yanaoana na mauzo aliyokutajia. Unauliza miezi ambayo biashara hudorora. Unataka kujua anawadai akina nani na nani wanamdai, zikiwemo taasisi nyingine. Unauliza matumizi ya nyumbani, kwa maana karo na matibabu hutoka kwenye fedha zilezile za biashara. Ndipo unapanga rejesho analolimudu, au unamwambia kwamba mkopo huo haumfai. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mtu anayesubiri bonasi.

Benki ya Grameen ya Bangladesh, inayowakopesha maskini na iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983, ililielewa jambo hili mapema. Waajiriwa wapya walipelekwa kwenye matawi ya vijijini, wakawa wanatazama kazi inavyofanyika na kuandika historia za maisha ya wakopaji. Napenda sana zoezi hilo la kuandika. Ukishaandika kurasa kadhaa kuhusu mama mmoja na madeni yake, huwezi tena kumwona kama namba ya akaunti.

Ufundi huu ukikosekana, wanaoumia kwanza ni wakopaji. Mwaka 2010 jimbo la Andhra Pradesh nchini India lililiona hilo. Taasisi zilikuwa zimepanuka kwa kasi, familia nyingi zilikuwa na mikopo ya taasisi kadhaa kwa wakati mmoja, na zikaja taarifa za wakopaji kubughudhiwa na hata kujiua. Oktoba mwaka huo serikali ya jimbo ikatoa amri ya kudhibiti ukusanyaji wa madeni, na marejesho yakaporomoka. Sababu zilikuwa nyingi, lakini nikiwaza ni nani angeweza kugundua mapema kwamba familia fulani imeelemewa, jibu ni afisa aliyekuwa akikutana nayo kila wiki.

Kuna suala la riba pia. Mkopo wa miezi 12 wenye riba ya asilimia 20 kwa mwaka, ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali huku mteja akilipa kila mwezi, unamgharimu takriban asilimia 35 kwa mwaka ukiikokotoa juu ya salio linalobaki. Afisa asiyeweza kueleza tofauti hiyo kwa lugha nyepesi hajawa tayari kumpa mtu kalamu asaini. Tena anayeijua halafu akanyamaza, huyo nashindwa kumtetea.

Nikipewa bajeti ya mafunzo, sehemu kubwa ningeipeleka kwa wasimamizi wa matawi, maana wao ndio walimu halisi wa kila siku. Ningewapunguzia wateja maafisa wazoefu ili kila mmoja atembee na mwajiriwa mgeni kwa miezi kadhaa, na muda huo wa kufundisha uhesabiwe kama kazi. Mgeni asiidhinishiwe mkopo wa mteja wake kabla hajatetea tathmini aliyoifanya mbele ya kamati ya mikopo na kuulizwa maswali magumu. Na bonasi ya wote ifuate ubora wa mikopo na wateja wanaorudi kwa hiari yao, badala ya kiasi kilichotolewa mwezi huo. Bonasi ikibaki ilivyo, afisa atayasahau mafunzo yote hayo kila mwisho wa mwezi unapokaribia.