Alfajiri Baba Mkwe Alipopigwa Chafya

Kupigwa chafya ya makusudi, tena na wajukuu wako wa damu, kabla hata jua halijachomoza, si jambo dogo. Nalitanguliza hilo kwa sababu mke wangu hadi leo husimulia kana kwamba kosa lote lilikuwa langu. Langu ni robo tatu tu.

Likizo ya Juni tuliwapeleka watoto Newala kwa babu yao. Mkubwa ni msichana wa miaka tisa, mdogo wa kiume ana sita, na wote ni wa Mbagala: korosho wanaijua ya kwenye kifuko. Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde, na baridi yake ya Juni haina utani. Siku ya pili tu yule mdogo alikuwa na kamasi mbili zilizonyooka kama reli. Umeme nao ukakatika, simu zikazima moja moja, watoto wakaanza kunikodolea macho mimi kama vile ndiye luninga.

Nikaona zamu yangu imefika. Nilikuwa na hadithi ya H. G. Wells, ya mwaka 1898: viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza ndani ya bomba la chuma, bomba linachimba shimo kwa kishindo chake, kisha wanatoka na mitambo ya miguu mitatu, wanachoma watu kwa mwali wa joto na kuwapulizia moshi mweusi wa sumu. Ila mtoto wa Mbagala ukimwambia mambo yalitokea Woking, karibu na London, anapiga miayo. Na mchana ule tulikuwa tumetoka Shimo la Mungu, lile bonde linalotazama Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Shimo lipo, tena kubwa, la nini kuagiza la Uingereza? Nikawashusha viumbe wangu palepale.

Wala sikuwa wa kwanza. Orson Welles (majina yanafanana, undugu hawana) alipoirusha redioni Marekani tarehe 30 Oktoba 1938, aliihamishia New Jersey, na wapo wasikilizaji waliodhani ni taarifa ya habari. Hilo nalo niliwasimulia wanangu. Tukawacheka Wamarekani mpaka bibi yao akatunyamazisha.

Usiku wa tatu msichana akauliza, "Sasa baba, nani aliwaua? Jeshi?"

"Jeshi lilishindwa. Na mizinga yake."

Kwa Wells wanauawa na bakteria, vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Ningesema hivyo ningesalimika. Lakini usingizi ulikuwa umenibana, nikafupisha: "Mafua tu. Walipigwa chafya, wakaisha."

Yule mdogo akavuta kamasi zake kwa heshima mpya kabisa.

Nilichosahau kuwaambia ni kwamba ule ulikuwa msimu wa salfa. Mikorosho ikianza kutoa maua huandamwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na salfa, unga wa njano wa kuuzuia, hupulizwa alfajiri, upepo ungali umelala na umande bado uko majanini. Baba mkwe hulala mapema, hadithi hakuisikia hata moja. Akaamka saa kumi na moja, akavaa koti la mvua na miwani ya pikipiki, akafunga kitambaa puani, akabeba mashine mgongoni, akaenda nyuma ya nyumba na kuvuta kamba ya injini.

Ule mngurumo ndio ulioniamsha. Kitanda cha watoto kitupu. Nikanyakua kilichokuwa karibu, kanga ya mke wangu, nikatoka mbio.

Kati ya mikorosho palikuwa na wingu, na ndani ya wingu jitu lisilo na uso, limeshika mkonga. Mbele yake walisimama wanangu. Mdogo alikuwa akipiga chafya za kweli, mfululizo, chafya za mtu mwenye akiba. Dada yake hakuwa na mafua, lakini alikuja amejipanga: mkononi alishika kikopo cha ugoro cha bibi yake. Ananusa, analenga, anaachia.

"Ongeza!" akamwambia mdogo wake. "Bado limesimama!"

Mzee kuwaona tu akageuza mkonga upande wa pili ili unga usiwapate. Huo upande wa pili ndiko nilikokuwa natokea mimi.

Injini ikazimwa. Nilikuwa wa njano kuanzia nywele hadi pindo la kanga, kanga ya bintiye, natazamana na mkwe wangu. Adabu zote nilizofundwa zikanijia kwa mkupuo, nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akashusha kitambaa. "Hawa watoto kawatuma nani?"

"Kumbe babu!" msichana akashangaa. Kisha, kwa ule ukweli wa watoto ambao haujawahi kumsaidia mzazi yeyote: "Katufundisha baba. Alisema ukipigwa chafya unakufa."

Mzee alinitazama muda mrefu. Na mahari, niseme tu, nilikuwa sijamaliza.

Jioni akavuta kigoda karibu na moto. "Haya mkwe, hiyo hadithi niisikie na mimi." Nikaisimulia upya, safari hii na bakteria wake. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Watu wametoka Mirihi na mitambo yote hiyo, hawakuuliza huku kuna ugonjwa gani? Mimi nikienda Masasi tu nauliza."

Sikuwa na jibu, na sidhani kama Wells analo.

Siku ya tatu baada ya hapo baba mkwe aliamka pua zimeziba, anapiga chafya hadi kuku wanatimka uani. Mwanangu mdogo akanivuta shati, akaninong'oneza:

"Baba, imeanza kufanya kazi."