Karatasi ya kurejelezwa: weupe kwanza au uimara wa uso?

Mtoto anapofuta jibu kwa raba katika daftari la karatasi hafifu, ukurasa huota manyoya, na akiandika tena palepale kwa kalamu ya wino, herufi husambaa hadi zisisomeke. Mzazi anayenunua daftari hilo katika duka la Kisumu hayaoni hayo. Anachokiona ni rangi ya kijivu, na kwa sababu hiyo huliacha. Karatasi ya kurejelezwa ina kasoro hizo zote mbili, na kiwanda chenye mtaji mdogo hakina budi kuamua kipi kishughulikiwe kwanza.

Udhaifu wa uso hutokana na nyuzi zenyewe zinazounda karatasi. Zikishakaushwa mara moja hukakamaa, na zikirudishwa majini hazivimbi wala kulainika kama mwanzo, kwa hiyo hazishikani vizuri. Kuzisaga nako huzifupisha na kuongeza chembe ndogo zinazokaa juu ya karatasi bila kushikiliwa imara. Mchapaji wa Nakuru anayetumia mashine ya ofseti, ambayo huhamisha wino kwa mpira hadi kwenye karatasi, huziona chembe hizo kwenye mpira wa mashine yake. Wino hunata, karatasi inapoachana na mpira chembe hunyofolewa, madoa meupe yakatokea katikati ya maandishi, na kazi ikabidi isimame ili mpira usafishwe.

Wanaotetea weupe wana hoja nzito, kwani maandishi husomeka kwa urahisi zaidi juu ya karatasi nyeupe, na bidhaa isiyonunuliwa haimwokoi mti wowote. Njia ya kuupata inafahamika: rojo, yaani karatasi kuukuu iliyolowekwa na kupondwa majini, huchanganywa na sabuni, hewa hupulizwa ndani yake, viputo vikapandisha wino juu kama povu, kisha haidrojeni peroksidi ikang'arisha kilichobaki. Peroksidi huvunjika kuwa maji na oksijeni, jambo linaloipa ubora mkubwa mbele ya klorini. Hata hivyo, povu lile huondoka pia na sehemu ya nyuzi, likaacha tope la kutupwa. Eneo la magharibi mwa Kenya haliwezi kulipuuza suala hilo, kwa maana kiwanda cha karatasi cha Webuye kilijengwa kando ya Mto Nzoia, na Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria.

Ugumu halisi uko kwenye unga wa kalsiamu kaboneti, yaani unga mweupe wa mawe ya chokaa. Ukitiwa ndani ya rojo, karatasi hung'aa na maandishi ya upande wa pili hayapenyi, lakini unga huo huo hujipenyeza kati ya nyuzi, ukazizuia kushikana na kuongeza vumbi. Weupe, katika hatua hiyo, hulipiwa kwa uimara.

Ndiyo maana naona wanga ndio unaostahili fedha za kwanza. Hupikwa majini kwa joto la selisiasi 90 hivi, kisha karatasi iliyokwisha kukauka hupitishwa kati ya rola mbili zinazoipaka pande zote, chembe zikashikwa na wino usisambae. Si njia isiyo na gharama: karatasi hulowa upya na kudai moto wa kuikausha mara ya pili, mahindi na mihogo inayotoa wanga ni chakula cha watu, na karatasi hiyo itakaporejelezwa tena wanga utayeyuka majini na kulisha bakteria wanaomaliza oksijeni ya mto, maji hayo yasiposafishwa. Lakini uso ukishaimarika, kiwanda kinaweza kuongeza unga mweupe kiasi bila karatasi kuchubuka, ilhali kuanza na weupe hakuleti uimara wowote.

Sehemu kubwa ya weupe, tena, hupatikana kabla ya kiwanda kuwasha mashine. Karatasi nyeupe za ofisini zikichanganywa na magazeti, ambayo yana lignini nyingi, yaani kiambata cha mti kinachogeuka manjano, rojo lote hufifia. Mkusanyaji anayelipwa bei moja kwa kilo ya karatasi yoyote hana sababu ya kuzitenganisha. Bei ya karatasi nyeupe ikipandishwa, atazitenganisha yeye mwenyewe, na peroksidi itakayohitajika itapungua.