Kufungia Nyimbo: Maadili na Siasa Kwenye Kapu Moja

Mwishoni mwa Februari 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilivipelekea vituo vya redio na televisheni orodha ya nyimbo zaidi ya kumi zisizotakiwa kupigwa tena. Mbili zilikuwa za Diamond Platnumz: "Hallelujah", aliyoimba na Morgan Heritage, na "Waka Waka", aliyomshirikisha Rick Ross. Nay wa Mitego alikuwamo, na Snura pia. Diamond hakunyamaza. Kwenye mahojiano ya redio alimshukia Naibu Waziri wa Habari wa wakati huo, Juliana Shonza, na kwa siku kadhaa mitandao ikabishana nani kamkosea nani heshima. Nyimbo zenyewe zikasahaulika.

Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Wimbo unafungiwa, mashabiki wanakuja juu, wazazi wanashukuru, msanii anaomba radhi au anajibu mapigo, kisha kimya. Serikali ifungie nini, na kwa kosa lipi hasa, hilo halipati nafasi. Mimi si wa wale wanaotaka isifungie kitu kabisa. Ninachokiona ni kwamba rungu moja linatumika kwa makosa mawili yasiyo na undugu, la maadili na la siasa, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo tunavyozoea kutouliza ni lipi kati ya hayo mawili linaloadhibiwa.

Nianze na upande wa Serikali, maana unadharauliwa sana na sisi waandishi. Aliyenunua tiketi ya shoo anajua anakokwenda. Mama anayesonga ugali huku redio ikiimba dirishani na watoto ndio kwanza wanarudi shule hajui wimbo unaofuata ni upi. Masafa ni mali ya umma, kituo kimepewa leseni, na leseni ina masharti. Kusema kwamba hewani kila kitu ruksa kwa kuwa ni sanaa ni hoja ya mtu asiye na mtoto wa miaka saba.

Wanaosema "utamaduni wetu hauruhusu" nao wana hoja, ila huwa wanaieleza kinyume. Utamaduni wetu uliruhusu mengi. Nyimbo za unyago alizokuwa akiimba Bi Kidude hazikuona haya. Zilimfundisha mwali mambo ya chumbani kwa maneno na kwa kiuno. Wala hakuna mzee aliyezipiga marufuku. Alichofanya mzee ni kuzipa chumba chake, watu wake na saa yake: mwanamume haingii, mtoto hasogei, na aliyechezwa hatoki nayo barazani. Kilichotupata sisi ni kwamba kuta za kile chumba zimeanguka. Kiuno kimehamia kwenye video, kwenye kigodoro cha mtaani kinachokesha na spika za kukodi, na kwenye daladala saa moja asubuhi wakati nusu ya abiria wamevaa sare za shule. Anayelalamikia hilo haonei wivu vijana. Anaulizia ukuta.

Kwa hiyo Mei 2016 wizara ilipozuia "Chura" ya Snura na video yake, yenye wanawake wakikata viuno huku wamelowa maji, ilikuwa inawajibu watu waliokerwa kweli. Msanii aliambiwa akairekebishe. Unaweza kukataa uamuzi ule, lakini huwezi kusema ulitoka hewani.

Na kuna sababu nzito kuliko kiuno. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda ilikuwa ikipiga nyimbo za Simon Bikindi wakati watu wanachinjwa. Nchini Kenya, mwaka 2012, wanamuziki watatu wanaoimba Kikikuyu walifikishwa mahakamani kwa madai ya uchochezi wa chuki, wakati makovu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hayajapona. Anayedhani wimbo ni wimbo tu, haujawahi kumdhuru mtu, atazame hapo.

Ila atazame mpaka mwisho. Bikindi alishtakiwa hapa hapa kwetu, Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani akiwahimiza wauaji. Majaji walizichambua nyimbo zake na kuona zilibeba chuki ya kikabila, lakini hawakumfunga kwa ajili ya nyimbo. Wimbo waliupima kando, mwimbaji kando, aliyeurusha hewani kando. Hiyo ilikuwa kesi ya mauaji ya kimbari. Kwetu kesi ya wimbo wa kukata kiuno humalizika kwa tangazo kwa vyombo vya habari.

Upande wa pili wa shilingi una historia ndefu kuliko Bongo Fleva. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba unaharibu vijana na si wetu. Leo nyimbo zilezile ni za wazee kutulia nazo Jumapili mchana. Miaka ya Remmy Ongala, redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, na ilipokataa wimbo hapakuwa na kituo cha pili cha kukimbilia. "Mambo kwa Soksi" ya Remmy, iliyowahimiza watu wavae kondomu wakati Ukimwi unamaliza ukoo kwa ukoo, ilionekana haifai kusikika na haikupigwa. Watu waliisikia dansini. Haikupita miaka mingi matangazo ya kondomu za Salama yakawa ya kawaida. Walioukataa wimbo ule hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanalinda maadili, kama wanavyosema wenzao wa leo. Ndiyo maana "nalinda maadili" peke yake hainitoshi kama sababu.

Tatizo jingine ni mafumbo. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilifungia "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond. Kosa lilikaa kwenye Nyegezi, eneo la Mwanza ambalo kila msafiri wa basi analijua, na ambalo wimbo ule ulilitamka kwa namna ya kuacha nusu ya jina ifanye kazi nyingine. Nchi nzima ilielewa, na kuelewa kwenyewe ndiyo ilikuwa raha yake. Desemba wakaupiga jukwaani kulekule Mwanza, wakafungiwa kufanya maonyesho, wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa.

Sasa mtu aliyekulia kwenye taarabu atauliza: tofauti iko wapi? Kwa miongo mingi redio imetuimbia maembe, mananasi, visima na ndege waliozoea kutua kwenye matawi ya watu, na hakuna mtu mzima aliyedhani bustani ndiyo inayozungumziwa. Jibu la haki kwa BASATA ni kwamba fumbo la taarabu lilikuwa zito, mtoto alisikia embe akaona embe. La "Mwanza" lilikuwa jepesi, mtoto wa darasa la pili alilifumbua kabla ya kiitikio cha pili. Nakubali, lilikuwa jepesi. Lakini hapo tumeacha sheria, tumeingia kwenye uhakiki wa mashairi, na ofisa wa Serikali ndiye anayesahihisha kwa kalamu nyekundu. Shaaban Robert mwenyewe sijui angepata ngapi.

Utekelezaji nao una kichekesho chake. Zamani kufungiwa redioni kulikuwa kuzikwa. Siku hizi wimbo ukifungiwa asubuhi, jioni wasiowahi kuusikia wameshautafuta YouTube waone una nini, na konda wa daladala anao kwenye flashi. Kwa msanii mkubwa lile tangazo ni promo ya bure. Anayeumia ni yule wa mkoani ambaye redio ya pale mjini kwao ndiyo njia yake pekee ya kusikika na kuitwa kwenye shoo. Tangu mwaka 2022, mirabaha ya redio na televisheni ilipoanza kugawiwa, wimbo usiopigwa maana yake pia ni pesa isiyoingia. Adhabu iliyoandikwa kwa wote inamwangukia mmoja tu.

Halafu kuna kofia nyingi kwenye kichwa kimoja. BASATA imeundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, na kazi yake kubwa ni kufufua na kukuza sanaa. Ndilo linalosajili msanii. Ndilo lililofufua tuzo za muziki mwaka 2022. Ndilo hilohilo linalomwita, linalomtoza faini na linalomfungia. Mwaka 2021 lilipotaka wasanii wapeleke nyimbo kukaguliwa kabla hazijatoka, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Waziri wa wakati huo, Innocent Bashungwa, akaingilia kati na kusimamisha. Nionavyo, mlezi na hakimu wakiwa mtu mmoja, mtoto hujifunza kuficha.

Turudi kwenye ukuta. Mwaka 2019 Bodi ya Filamu ya Kenya, chini ya Ezekiel Mutua, ilisema "Tetema" na "Wamlambez" zibaki kwenye baa na klabu za usiku, zisipigwe hadharani mbele ya watoto. Mutua alichekwa sana, na kwa mengi alistahili. Kwa hili nadhani alikuwa karibu na ukweli kuliko wakubwa wa upande wetu, kwa sababu hakuufuta wimbo, aliupa chumba. Kanuni zetu za maudhui za redio na televisheni zinautambua muda wa kuwalinda watoto. Kituo kinachopiga matusi mchana kiulizwe kituo, kwa maandishi, kikionyeshwa mstari uliokosewa, na kiwe na pa kukata rufaa. Wimbo uhamie usiku.

Mpango huu hauna jibu la kila kitu. Machi 2024 baraza la sanaa la Zanzibar, BASSFU, lilimfungia Zuchu miezi sita na kumtoza faini ya shilingi milioni moja kwa lugha na vitendo vyake jukwaani Kendwa. Lile lilikuwa onyesho, si redio. Kwa hoja yangu mwenyewe ya chumba, Zuchu alikuwa chumbani. Mzanzibari atanijibu kwamba kisiwa chote kina mila yake na ufuo wa Kendwa haukuhama nchi kwa sababu watalii wamejaa. Sina la kumjibu haraka, na sidhani mtu wa Dar es Salaam ndiye wa kumjibu.

Lakini hayo yote, kiuno, fumbo, saa ya usiku, hayagusi kundi la pili la nyimbo, na hapa ndipo ninapoacha kupima mizani. Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo", wimbo uliouliza maswali kuhusu uongozi wa nchi. BASATA likaufungia, polisi wakamkamata akiwa Morogoro. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na siku chache tu ofisini, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, aachiwe, uruhusiwe kupigwa, tena auboreshe kwa kuwataja na wengine kama wakwepa kodi. Tulishangilia. Tungekaa chini tukajiuliza: ikiwa wimbo ulikuwa hatari kiasi cha mtu kulala polisi Jumapili, Jumatatu hatari ilikwenda wapi? Hakuna mstari uliobadilika. Kilichobadilika ni aliyeusikiliza. Nchini Congo, Novemba 2021, tume ya udhibiti ilifungia "Nini tosali te" ya kundi la MPR, unaoimba shida za wananchi tawala hadi tawala, kisha baada ya kelele za umma ikaufungulia upesi vilevile.

Na hatujatoka hapo. Oktoba 2024 Nay huyohuyo alitakiwa na BASATA ajieleze kuhusu "Nitasema", wimbo unaozungumzia watu kutekwa. Sasa huo tuupangie saa ngapi? Mtoto akiusikia mchana atajifunza nini ambacho hajakisikia kwenye taarifa ya habari? Wimbo wa aina hii hauna chumba cha kuhamishiwa, kwa sababu kosa lake, kama lipo, si la aibu. Ama umesema uongo unaomdhuru mtu, ama umehimiza watu wadhuriane, ama umesema lisilopendeza. La kwanza na la pili yana sheria zake, na mwenye kuamua ni hakimu anayesikiliza pande mbili. La tatu linalindwa na Ibara ya 18 ya Katiba, na Ibara ya 30 inayoruhusu mipaka haikuandikwa kwa ajili ya watu waliochukizwa. Baraza la sanaa halina ujuzi wa kupima habari za utekaji, wala halikuundwa kwa kazi hiyo. Mkubwa anayeona wimbo umemchafua afungue kesi, alete ushahidi, na Nay alete wake.