Zakopane ya Siku Moja ni Utalii wa Kiti cha Basi

Tangazo la safari ya siku moja huko Polandi limerudi, na picha ileile ya ziwa la kijani: mji wa Kraków asubuhi, Zakopane, mji wa milima ya Tatra, mchana, ziwa la Morskie Oko, jibini, usiku umelala hotelini kwako. Bei poa. Anayelipia atarudi anakijua vizuri sana kisogo cha dereva.

Tupige hesabu. Kraków hadi Zakopane ni kama kilomita 100, masaa mawili na ushee kwa basi. Handaki la Naprawa kwenye barabara hiyo, lililofunguliwa 2022, limesaidia, haya, nakubali. Ila Jumamosi foleni ya kuingia Zakopane haina habari na handaki. Ukishuka stendi unapanda kibasi cha kwenda Palenica Białczańska, mwanzo wa njia ya ziwani, dakika 40 hivi. Hapo kibasi kinaishia. Kilichobaki ni kilomita 8 na zaidi za lami, mlima mtupu, kwa miguu: masaa mawili na robo kupanda, karibu mawili kushuka. Jumlisha na kurudi Kraków, ni masaa 10 hujameza hata supu. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Sasa hilo ziwa utaliangalia saa ngapi?

Watakwambia panda gari la farasi. Halikufikishi ziwani, mwendo bado unakusubiri. Mwenye gari la kukodi naye asijidanganye: maegesho ya Palenica hulipiwa mtandaoni mapema, kwa tarehe, na kiangazi yanajaa. Ukifika mikono mitupu unageuzwa.

Lala Zakopane siku mbili, basi. Panda kibasi cha alfajiri, ufike ziwani kabla ya saa 4 asubuhi, watu wakiwa wachache. Halafu usiishie kwenye supu na picha kama wengine. Zunguka ufukwe, shika ngazi za mawe upande wa pili, upande hadi ziwa la juu, Czarny Staw. Kutoka mita 1395 hadi 1583, haichukui saa nzima. Ukigeuka, Morskie Oko lote liko chini ya miguu yako na nyumba ya wapanda milima iliyo kando yake imekuwa ndogo kama kiberiti. Mwezi Mei mawe hayo bado yanaweza kuwa na theluji ngumu. Raba za mjini zitakulaza chali.

Na hili la rangi linaponza watu kila mwaka: rangi za njia za Tatra hazisemi ugumu. Nyekundu ya kwenda Morskie Oko ni lami, watu wanasukuma vigari vya watoto. Nyekundu hiyohiyo ikipita Czarny Staw kwenda kilele cha Rysy, mita 2499, inakupa minyororo ya kushikilia na bonde tupu mgongoni. Soma ramani, si rangi.

Na mlima Giewont je? Nenda, lakini uwe umeshuka kabla ya mawingu ya alasiri. Kileleni kuna minyororo ya chuma na msalaba wa chuma wa mita 15. Agosti 22, 2019 radi ilipiga pale, wakafa 4 upande wa Polandi na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Namba ya TOPR, waokoaji wa milimani, ni 601 100 300, iingize kwenye simu kabla hujaondoka hotelini.

Oscypek, lile jibini la tangazo: ya kweli ni hasa ya maziwa ya kondoo, na hutengenezwa Mei hadi Septemba. Ile ya Januari pale Krupówki, mtaa mkuu wa Zakopane, mara nyingi ni ng'ombe tu. Si dhambi, ichomwe, uile na jamu ya kranberi, ila usilipe bei ya kondoo.

Ukirudi Kraków, tiketi za kasri la Wawel huuzwa sehemu kwa sehemu, kwa hiyo amua unataka kuona nini kabla hujapanga mstari.

Na kama kweli una siku moja, baki Kraków. Simama Rynek, uwanja mkuu wa mji, saa kamili usikie tarumbeta la mnara wa kanisa likikatika katikati ya noti, kisha panda kilima cha Kościuszki. Hewa ikiwa safi, Tatra inaonekana kutoka pale. Kiingilio kipo, foleni ya Zakopane hakuna.