Kofia haimwinui mtu, inasoma tu

Ndugu mwandishi, asante kwa habari ya kofia inayosoma mawimbi ya ubongo ya watu waliopooza, ila hicho kichwa chenu cha "kofia ya kuwainua waliopooza" kimenikwaza.

Shemeji yangu alianguka kutoka kwenye mparachichi huku Rungwe, akaumia uti wa mgongo. Miguu haisikii hata ukiifinya. Lakini mwambie awaze anapanda mti, ubongo unatoa amri kama zamani. Njia ya kushuka ndiyo imekatika. Na hapo ndipo kipimo cha EEG, yaani kusoma umeme wa ubongo kutoka juu ya kichwa kwa kofia kama hiyo, kinaponoga: mtu akiwaza kusogeza kiungo, mawimbi ya mizunguko kati ya 8 na 13 kwa sekunde hufifia juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Kompyuta ikifundishwa kutambua kufifia huko, inaweza kuendesha kiti au kuamsha misuli kwa umeme. Tatizo, ishara yenyewe ni mikrovolti tu (volti moja ni mikrovolti milioni moja). Ukikunja uso au kupepesa macho, umeme wa misuli unaifunika. (Halafu kusoma mawimbi hayo si "ugunduzi wa juzi" kama mlivyoandika. Hans Berger wa Ujerumani alirekodi mawimbi ya binadamu mwaka 1924.)

Huku kwetu shemeji anageuzwageuzwa kitandani usiku kucha asipate vidonda, na kiti mwendo chake kinazama kwenye tope la Tukuyu tangu mvua zianze. Mkimpata tena huyo mtafiti, mwulizeni: hiyo kofia inafanya kazi na nyumbani, au ni maabara tu?