Kingdom of the Planet of the Apes: Maneno ya Caesar Mikononi mwa Wengine

Filamu ya Kingdom of the Planet of the Apes, iliyoongozwa na Wes Ball na kutolewa mwezi Mei 2024, inaanza kwa mazishi. Caesar, sokwe ambaye filamu tatu zilizotangulia zilimfuata tangu utotoni hadi kufa kwake, analazwa katikati ya wafuasi wake wanaomboleza, kisha hadithi inaruka vizazi vingi mbele, hadi wakati ambao hakuna aliye hai anayemkumbuka. Kwangu mimi, niliyeupenda mfululizo huu kwa miaka mingi, hiyo ndiyo hatua ya kijasiri kuliko zote ambazo waandaaji wake wamechukua tangu walipouanza upya mwaka 2011. Ndiyo pia inayonifanya niseme kwamba filamu hii, pamoja na upungufu wake, ni sehemu bora zaidi tangu Dawn of the Planet of the Apes ya mwaka 2014. Ambaye hajaitazama na hapendi kusimuliwa mwisho wa filamu afadhali aishie hapa, kwa kuwa hoja yangu haisimami bila kuugusa mwisho huo.

Mwandishi wa mswada, Josh Friedman, alirithi kazi ngumu. Filamu za 2011, 2014 na 2017 zilibebwa na mhusika mmoja, na mhusika huyo alibebwa na mwigizaji mmoja, Andy Serkis, ambaye uso na mwili wake vilimpa Caesar hasira, huruma na uchovu wa kiongozi aliyezeeka vitani. Ilikuwa rahisi kumtafuta Caesar mwingine, kumpa farasi na jeshi, na kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Badala yake Friedman ameuliza jambo ambalo mfululizo huu haukuwahi kuliuliza kwa uzito huu: mwanzilishi akishaondoka, na wote waliomsikia wakashaondoka, maneno yake yanakuwa mali ya nani? Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, na Caesar wa filamu hii ni maiti wa namna hiyo. Kila anayemtaja anamvika vazi analolitaka mwenyewe, naye hana namna ya kulikataa.

Noa, kijana anayeigizwa na Owen Teague, hajui lolote kuhusu Caesar. Amezaliwa katika Ukoo wa Tai, jamii inayofuga ndege hao na kuwaimbia, na ambayo kila kijana wake hupanda majabali kuchukua yai la tai atakayemlea. Sheria yao inaamuru kwamba yai moja liachwe kiotani daima. Filamu inatumia muda mrefu kutuonyesha kupanda huko, sheria hiyo, na uhusiano mgumu kati ya Noa na baba yake, Koro, ambaye tai wake anamtii yeye tu na humkaripia mwanawe. Wapo waliolalamika kwamba mwanzo huu ni wa polepole. Mimi nauona kuwa sehemu iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu unatufundisha bila hotuba kwamba sokwe wanaweza kuwa na maadili, sheria na ibada zao bila kumhitaji Caesar hata kidogo. Wanapofika wapiganaji waliovaa vinyago, wakachoma kijiji na kuwateka wanaukoo huku wakilitaja jina la Caesar, tunaelewa msiba wa Noa kwa undani ambao haungewezekana kama tungeingizwa vitani katika dakika ya tano. Jina ambalo watazamaji tunalipenda linamfikia yeye kwa mara ya kwanza kama kelele ya wavamizi.

Kisha anakuja Raka. Nitakaa kwake kidogo, kwa sababu naamini ndiye mhusika bora ambaye mfululizo huu umepata tangu Maurice, orangutani mwenzake aliyekuwa mshauri wa Caesar. Raka, anayeigizwa na Peter Macon, ni wa mwisho katika kundi la wanaotunza mafundisho ya Caesar. Anahifadhi vitabu, anaivaa alama ya Caesar shingoni, na anamweleza Noa kwamba Caesar alihimiza huruma na aliona kuuana kwa sokwe kuwa dhambi kubwa. Ana ucheshi na upole, na ana upweke ambao hausemi lakini unaonekana kila anapomtaja mwenzake aliyeuawa. Uzuri wa namna Raka alivyoandikwa ni kwamba hata yeye hana ukweli wote. Sisi tulioziona filamu zilizotangulia tunajua kwamba Caesar aliwahi kuongozwa na kisasi hadi akakaribia kupoteza utu wake, na kwamba yeye mwenyewe alimwachia Koba, sokwe mwenzake aliyemwasi, aanguke na kufa. Raka hayajui hayo. Caesar wake ni safi kuliko yule tuliyemjua, kama wanavyosafishwa wote wanaosimuliwa na wanaowapenda.

Ndiyo maana naona kosa kubwa zaidi la filamu hii ni kumwondoa Raka mapema mno. Anachukuliwa na mto baada ya kumwokoa Mae, msichana anayesafiri nao, na tendo hilo linamfaa mhusika. Sina ugomvi na namna anavyoondoka. Ninachokililia ni kwamba hakuwahi kukutana na Proximus. Mfalme huyo anayejiita Caesar anajenga utawala wake kando ya bahari kwa msemo uleule ambao Caesar aliwafundisha sokwe, kwamba wakiwa pamoja wana nguvu, ila kwake maana yake ni kwamba wote wanapaswa kuwa pamoja chini yake. Filamu imewalea wasomaji wawili wa urithi mmoja, mmoja mnyenyekevu na mwingine mwenye jeshi, kisha ikawanyima nafasi ya kusemezana hata dakika tano. Noa anaachiwa kazi ya kulijibu dai la Proximus akiwa na elimu ya siku chache tu, na anapojibu anajibu kwa mikono na tai zaidi kuliko kwa hoja.

Hata hivyo, Proximus mwenyewe ni adui aliyeandikwa kwa heshima. Kevin Durand anampa sauti nene yenye furaha, sauti ya mtawala anayependa kusikilizwa, na filamu haimfanyi mjinga. Amemweka binadamu mmoja, Trevathan, amsomee historia ya Roma, na kutokana na historia hiyo amejifunza kwamba maarifa ya watu wa kale yanaweza kumpa katika siku moja kile ambacho vizazi vya sokwe havingekifikia. Handaki kubwa lililofungwa kwa mlango wa chuma ufukweni ndilo tumaini lake, kwa kuwa anaamini ndani yake kuna silaha na ujuzi. Anamwambia Noa kwamba binadamu hawataacha kuitafuta nafasi waliyoipoteza, na kwamba Mae hapaswi kuaminiwa. Ni vigumu kumsikiliza bila kukumbuka maabara na vizimba vya filamu ya 2011. Na Noa anapoingia handakini pamoja na wenzake, wanakuta kitabu cha watoto chenye picha za sokwe waliofungiwa nyuma ya vyuma huku watu wakiwatazama. Hakuna anayetoa hotuba juu ya picha hizo, na hazihitaji hotuba. Mtawala mwongo amesema kweli, na kijana mwema hana budi kuishi na kweli hiyo.

Hapo ndipo ninapoona filamu hii inaufikia moyo wa mfululizo mzima. Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner kutokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle, mtazamaji anasimama upande wa Taylor, mwanaanga aliyeigizwa na Charlton Heston, hadi pale ufukweni anapoyakuta mabaki ya Sanamu ya Uhuru na kutambua kwamba ni binadamu wenzake walioiangamiza dunia yao. Mwaka 2011 upande ukageuka: tukawa pamoja na sokwe, na tukaufurahia ukombozi wao. Dawn ikaenda mbali zaidi, kwa kumpa Koba makovu ya maabara na hivyo kuipa chuki yake sababu ambayo hakuna mtazamaji mwadilifu aliyeweza kuipuuza. War for the Planet of the Apes, pamoja na uzuri wake wote, ilirudi nyuma kidogo, kwa sababu kanali wake alikuwa mkatili kiasi kwamba hapakuwa na swali la kuchagua. Kingdom inalirudisha swali hilo, na inalirudisha kupitia Mae.

Freya Allan anamwigiza Mae kwa kujizuia. Kwa muda mrefu tunadhani ni bubu kama binadamu wengine wa zama hizo, ambao kirusi kimewanyima usemi na wanaishi malishoni kama mifugo, na Raka anampa jina la Nova kwa wema. Anapopaza sauti kuliita jina la Noa, hatari ikiwa imewakaribia, tunashtuka. Lakini mshtuko wa kweli unakuja baadaye, tunapoanza kuhesabu aliyoyajua na kuyaficha. Anamuua Trevathan kwa mikono yake ili asitoe taarifa kwa Proximus. Analipua ukuta wa bahari huku akijua kwamba Noa na ukoo wake wako ndani, kwa kuwa anaona ni afadhali maji yafunike kila kitu kuliko sokwe wapate silaha. Filamu haimlaani kwa hayo, wala haimsafishi. Anapigania jamii yake iliyobakia wachache sana, kama vile Noa anavyopigania yake, na mapigano hayo mawili hayawezi kupatana. Nimewasikia mashabiki wenzangu wakisema Mae ni mhusika asiyependeka. Nakubali, na ninashukuru kwamba hakuna aliyejaribu kumpendezesha.

Kuhusu ufundi nitasema machache, kwa sababu umekwisha kusifiwa na wengi. Mwaka 1968 vinyago vya John Chambers vilimpatia tuzo ya heshima ya Oscar wakati ambapo hapakuwa na tuzo ya kudumu ya urembaji. Leo kampuni ya Wētā FX inanasa mienendo ya waigizaji na kuigeuza kuwa manyoya, mikunjo na macho yenye maji. Kinachonigusa ni uso wa Raka anapotabasamu, na ninapoutazama sifikirii kompyuta hata mara moja.

Upungufu mwingine upo. Soona na Anaya, marafiki wa Noa, wanaanza vizuri kwenye majabali kisha wanageuka kuwa mateka wa kungojewa, na Anaya hasa anatumika kuchekesha tu. Safari ya katikati ina kufukuzana kwingi kuliko inavyohitaji filamu ya dakika 145. Kwa upande mwingine, tukio la sokwe wapanda farasi kuwawinda binadamu malishoni, ambalo linairudia waziwazi filamu ya 1968, silihesabu kuwa kuiga kwa uvivu, kwa sababu safari hii aliye nasi nyasini akitazama kwa hofu ni sokwe, na hofu yake ni yetu.

Mwishoni Mae anarudi kumuaga Noa akiwa ameficha bunduki mgongoni, naye Noa anampa kidani chenye alama ya Caesar. Hatumii bunduki hiyo. Kisha anaufikisha ufunguo alioutoa handakini kwa binadamu wenzake waliojificha, na kupitia setilaiti wanasikia sauti za binadamu wengine wa mbali. Sehemu ijayo ikitengenezwa, ninaomba isiyapoteze yote haya kwa kutuletea kanali mwingine na jeshi jingine. Watu hao waonyeshwe kwa subira ileile waliyoonyeshwa Ukoo wa Tai: wanakula nini, wanawafundisha nini watoto wao, na wanasimulia nini kuhusu sokwe aliyeitwa Caesar, maana kwao bila shaka jina hilo lina maana ya tatu, tofauti na ya Raka na ya Proximus. Na Noa apewe muda wa kuvisoma vitabu kabla hajalazimishwa kushika mkuki.