Zingatia Anwani

Ijumaa mtoto wa kaka yangu alirudi na sketi imelowa tope mpaka magotini. Yuko Kidato cha Pili, hapa hapa Tanga. "Shikamoo shangazi. Leo tulikuwa na huduma kwa jamii." Huduma yenyewe: wamezibua mtaro wa nyuma ya shule, mgeni rasmi akaja, akashika koleo mpaka picha zikatosha, akapanda gari. Waja leo waondoka leo, na huyu hata chai hakunywa. Tope walilochota likaachwa pale pale ukingoni. Usiku ikanyesha. Yaliyofuata mnayajua.

Sketi hufuliwa, hiyo haikuniuma. Nilimuuliza, kwani huo mtaro unaziba kwa nini? Akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. "Hatukuambiwa."

Nikavuta daftari lake la Kiswahili. (Nina ugonjwa wa kupekua madaftari ya watoto, mnisamehe.) Nikakuta barua rasmi kwa Mtendaji wa Kata ya Amani, S.L.P. 100, Mji Mpya, KUH: UCHAFU WA MITARO. Mji kautunga, kata kaitunga, hata dampo kalitunga. Kapata 13 kati ya 20, na chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Zingatia anwani."

Zingatia anwani! Ofisi ya mtendaji, ya kweli, yenye bendera na benchi la kusubiria, iko ng'ambo ya barabara, ukitoka getini unaiona. Mtaro uliooza upo. Mtoto anayejua kuandika barua yupo. Sisi tunamfundisha kumwandikia mtu asiyekuwepo kuhusu uchafu usiokuwepo, kisha Ijumaa tunampa koleo.

Na mtaro ule ni darasa zima. Mwalimu wa Hisabati angewatoa na futi kamba, wapime urefu, upana na kina, wapige hesabu tope linajaza toroli ngapi. Wa Jiografia awaonyeshe maji yanataka kuelekea wapi na nani kajenga ukuta katikati ya njia yake. Wa Biolojia ndiye angenifurahisha zaidi. Mbu wa Culex huzaliana kwenye maji machafu kama yale, na huku kwetu pwani ndiye anayesambaza matende na mabusha. Kila mtaa wa Ngamiani una mzee ambaye mguu wake watoto wanauogopa. Wanampita wakienda shule kukariri jina la mdudu huyo huyo! Biolojia wanaisoma kwa Kiingereza, mbu anawang'ata kwa Kiswahili, na hakuna anayewaunganishia. Barua yenye vipimo hivyo na viluwiluwi hao ndani yake, mtendaji angeisoma akiwa amesimama.

Wala si jambo geni kutoka ng'ambo. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kazi ya shamba na somo la darasani vishikane, na wanafunzi washiriki kuamua. Tulichukua jembe. Kuamua tukakuacha. Wengi wetu tunalikumbuka shamba la shule kama mahali pa kupelekwa waliochelewa namba. Kazi ile ile Jumatatu ni adhabu, Ijumaa ni uzalendo, halafu tunashangaa vijana hawaji kwenye mikutano ya mtaa.

Haya, najua. Walimu wana silabasi ya kumaliza, madarasa yamefurika, na mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili hauulizi habari za mtaro wa nyuma ya shule. Nakubali. Pia najua kuna mkuu wa shule atakayesema barua kwa mtendaji ni siasa. Hilo silikubali hata kidogo.

Jumapili tulikaa barazani mimi naye. Akafuta Mji Mpya, akaandika Tanga. Vipimo tulivichukua kwa kamba ya kuanikia nguo, mita 38, jirani akituuliza kama tunauza kiwanja. Barua ikawa kurasa mbili, safi, na anwani ameizingatia. Alipomaliza kuikunja akaniuliza kitu ambacho mpaka sasa sijamjibu:

"Shangazi, niipeleke na sare za shule, au na nguo za nyumbani?"